Jiwe la Kilo Tano

Kila alfajiri, kabla wachumaji hawajashuka na mifuko,
naning'iniza jiwe la kilo tano kwenye ndoano.
Ni chuma, lakini tunaliita jiwe.
Mizani ikisoma tano, nafungua kituo.
Ikisoma tano na robo, nakaza parafujo, narudia.
Ukungu wa Mufindi huingia hata kwenye springi.
Mizani haijui kwamba inadanganya.
Uso ni uleule, mshale umesimama wima kama shemasi.

Jumapili iliyotangulia kura
tulimkazia macho Padre Lulandala, ataje jina.
Hata kwaya ilijikohoza, ikanyamaza.
Hakutaja.
"Dhamiri ni yako," alisema, "siishiki mkono.
Lakini umeifunza lini?
Isiyofunzwa na mwenyewe hufunzwa na pilau ya kampeni."
Watu wakacheka.
Mimi pilau ile nilikula sahani mbili,
na ya tatu nikamfungia mke wangu.

Basi juma zima nikajaribu kupima.

Wa kwanza ni wetu. Tulipata kipaimara siku moja,
aliinunulia kwaya kinanda, Komunyo hupokea kwa magoti.
Nikaenda ofisini kuomba mihtasari ya vikao.
Mtendaji alinitazama kana kwamba nimeomba figo.
Ukurasa kwa ukurasa: fedha za wodi ya wazazi
zimeahirishwa,
zimeahirishwa,
kisha hazitajwi tena.
Shemeji yangu Filotea alijifungulia juu ya trekta la majani,
njia ya kwenda Mafinga.
Pacha wa pili nilimbatiza mwenyewe, kwa maji ya chupa.

Wa pili hana kanisa tunalolijua.
Siku ya mgomo wa makato alisimama na wakulima,
akanyeshewa nao mpaka jioni.
Lakini nilimsikia dukani kwa Mbata
akimtaja mtoto aliye tumboni kama anataja magugu,
na neno lile bado limenikaa kooni.

Weka huyu, toa yule.
Mshale unacheza, hautulii.

Ijumaa, Akwilina Ngimba akapandisha mfuko wake.
"Karani, leo unakata ngapi?"
Huuliza kila siku. Kila siku najibu, mbili:
moja ya mfuko, moja ya unyevu.
Mfuko una gramu mia tatu. Niliupima. Najua.
Na siku za jua, unyevu ni hadithi.
Kinachozidi kinapanda juu,
na kidogo hunirudia mwisho wa mwezi
ndani ya bahasha isiyoandikwa kitu.
Miaka sita.
Na jiwe langu la asubuhi lilisoma tano kila siku.

Misa ya kwanza, tulipofika *kwa kutotimiza wajibu*,
nilijipiga kifua kikalia kama debe.

Halafu foleni, Darasa la Tatu B.
Ubaoni mtu amesahau somo la vipimo:
kilo moja ni gramu elfu moja.
Nilikaa kibandani hadi msimamizi akakohoa.
Sikuwa na uhakika wa watakatifu.
Nilikuwa na mihtasari, na maji ya chupa, na yale magugu,
nilikuwa na nilichokitafuta
na kile nilichokuwa nakijua siku zote nikakiita unyevu.
Nikatia alama.
Sitawaambia wapi. Mke wangu aliuliza,
nikamwonyesha kidole chenye wino.

Jumatatu ukungu ulikuwa mzito.
Nikaning'iniza jiwe: tano.
Akwilina akapandisha mfuko, safari hii hakuuliza.
"Kumi na nane na nusu," nikasoma,
"toa mfuko, gramu mia tatu."
Nikaandika, kumi na nane na gramu mia mbili.
Akaitazama karatasi, akanitazama mimi,
akaitazama karatasi tena.
"Karani," akasema,
"mizani imeharibika leo?"